Panya mwenye kinga ya mtu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa sayansi za afya, wauguzi wa wodi za wazazi, wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na wazazi waliosikia kwa mbali kwamba kuna "panya wanaotiwa damu ya watu". Mengine yaliulizwa kwa udadisi, mengine kwa hasira. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya pembeni, na pale ambapo jambo limeshajibiwa nimetaja tu namba ya swali.

## Mwanzo kabisa

1. Panya mwenye kinga ya binadamu ni mnyama gani?

Ni panya mdogo wa maabara, jamii ileile ya *Mus musculus* wanaotoboa magunia ya mchele stoo, ila huyu amebebeshwa kipande cha mwili wa mtu. Kipande hicho kinaweza kuwa seli za damu, seli za ini, au jeni moja tu. Mengine yote yanabaki ya panya: mkia, masharubu, na maisha ya miaka miwili hivi akitunzwa vizuri.

Kwa hiyo ukisoma kwamba watafiti fulani "walitumia panya wenye kinga ya binadamu", usikubali haraka. Uliza kwanza: ni kipande gani cha mtu kilichomo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua panya huyo anaweza kutoa ushahidi wa jambo gani. Nitalirudia hadi uchoke.

Wanafunzi wengine huwaita "panya wa kibinadamu". Jina hilo silipendi. Kwa Kiswahili, mwenye ubinadamu ni mwenye huruma, na panya huyu akikung'ata kidole utajua huruma hana.

2. Kwani panya wa kawaida ana kasoro gani?

Kwa mambo mengi hana kasoro. Mfuatano wa vinasaba vya panya ulipochapishwa mwaka 2002 ilionekana kwamba karibu kila jeni yake ina mwenzake kwa binadamu. Tatizo liko kwenye kinga, kwa sababu kinga hutengenezwa na vita ambavyo kila mnyama amepigana na vijidudu vyake mwenyewe. Kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya, neutrofili, seli zinazowahi kwanza kupambana na bakteria, ni asilimia 50 hadi 70 ya seli nyeupe. Kwa panya ni asilimia 10 hadi 25, na jeshi lake kubwa ni limfosaiti, yaani hasa seli T, zinazoongoza vita na kuua, na seli B, zinazotengeneza kingamwili (protini zinazomshika adui). Virusi vya UKIMWI haviingii kwenye seli zake, maana milango vinayotumia kwa mtu, CD4 na CCR5, kwa panya ina umbo jingine. *Plasmodium falciparum*, malaria inayotulaza huku kanda ya ziwa, haikai kwenye chembe zake nyekundu za damu.

Mfano unaotisha zaidi ulitokea London mwezi Machi 2006. Dawa iliyoitwa TGN1412, kingamwili iliyolenga kipokezi cha CD28 kwenye seli T, ilitolewa kwa wanaume sita waliojitolea. Dozi ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa nyani. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi, kinga zao zimefura na kumwaga saitokaini, kemikali ambazo seli za kinga hupashana nazo habari, mwilini kama bomba lililopasuka. Walinusurika. Wanyama waliotangulia hawakudanganya, seli zao tu hazikuwa na jibu ambalo seli za mtu zilikuwa nalo.

3. Ni wale panya wa Morogoro wanaonusa TB?

Hapana. Wale ni panya buku wa shirika la APOPO, waliofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa makohozi na mabomu ya ardhini. Panya buku hufanya kazi kwa pua yake mwenyewe. Huyu wetu hajafundishwa chochote.

4. Atakuwa na akili ya mtu? Na watoto wake watazaliwa na damu ya mtu?

La, kwa yote mawili. Seli za damu zilizodungwa hazigeuki ubongo, wala haziingii kwenye mayai au mbegu, kwa hiyo hazirithiwi. Kinachorithiwa ni mabadiliko ya jeni tu. Ndiyo maana panya aliyepandikizwa seli hutengenezwa mmoja mmoja, kizazi hadi kizazi, na ndiyo maana ni ghali.

## Anavyotengenezwa

5. Mbona mwili wake haukatai seli za mtu?

Kwa sababu amezaliwa bila walinzi. Safari ya kumpata mnyama huyo ilichukua zaidi ya miaka 40. Glasgow, mwaka 1962, alionekana panya asiye na manyoya, na mwaka 1968 ikajulikana kwamba hana pia thaimasi, tezi ya kifuani ambamo seli T hufundwa. Mwaka 1983 kule Philadelphia akapatikana panya aliyeitwa scid, asiye na seli T wala seli B. Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti Marekani yakaweza kupandikiza kinga ya mtu ndani ya scid. Ilishika, lakini kwa kusuasua, maana alibakiwa na seli NK, wauaji wa asili, ambazo hazihitaji kufundwa na yeyote ili zimshambulie mgeni.

Kilichofungua njia ni kuondoa jeni moja, IL2rg. Jeni hiyo hutengeneza kipande kinachotumiwa kwa pamoja na vipokezi vya saitokaini sita: IL-2, IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21. Ni sawa na kushusha swichi kuu ya nyumba badala ya kuzunguka ukizima taa chumba kwa chumba. (Wapo watoto wa kiume wanaozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu, na huugua vibaya tangu wachanga. Elimu kubwa ya jeni hiyo ilitoka kwao.) Kwa njia hiyo wakapatikana NOG wa Japani mwaka 2002, ukoo wa BRG mwaka 2004, na NSG wa Jackson Laboratory, Marekani, mwaka 2005. Hao ndio utakaowakuta kwenye makala nyingi.

Kuna bahati moja ndani ya hadithi hii ambayo napenda kuisimulia. NOG na NSG wametokana na ukoo wa NOD, panya waliozalishwa Japani kwa ajili ya utafiti wa kisukari. Kwa miaka mingi watu waliona tu kwamba seli za mtu hushika vizuri zaidi kwa NOD, bila kujua sababu. Mwaka 2007 ikafahamika: makrofaji za NOD, yaani seli zinazomeza wageni, zina aina ya protini ya SIRPα inayoshikana barabara na CD47 ya binadamu, na CD47 ni ile alama inayosema "usinile". Panya wengine hawaisomi vizuri alama hiyo, hivyo hula seli za mtu. Hakuna aliyepanga hivyo.

6. Kuna njia ngapi za kumtengeneza?

Tatu za kupandikiza, na moja ya kubadilisha jeni.

Ya haraka ni kumdunga seli za damu za mtu mzima, zile zinazobaki ukitenga damu kwenye sentrifuji. Baada ya wiki moja au mbili una seli T za mtu zinazofanya kazi. Ubaya wake ni kwamba seli hizo zimeshakomaa na zinamwona panya kuwa adui (swali la 15).

Ya pili ni kumpa seli shina za damu, zenye alama ya CD34, ambazo huenda kwenye uboho wake na kuzalisha kinga upya. Ni ya polepole, lakini seli T zinakulia ndani ya panya na hazimchukii sana. Hii ndiyo njia ninayomshauri mtu aijue vizuri kwanza.

Ya tatu, BLT (kifupi cha Kiingereza cha uboho, ini na thaimasi) ya mwaka 2006, huongeza vipande vya ini na thaimasi vya kijusi cha binadamu ili seli T zifundwe na tishu za mtu. Inatoa kinga nzuri kuliko zote, na ina mzozo mkubwa kuliko zote, hata huko inakofanyika. Kwa hapa kwetu usiifikirie.

Njia ya jeni ni habari tofauti kabisa. Hapo panya ana kinga yake kamili, ila sehemu fulani imeandikwa kwa herufi za binadamu. Mfano ni panya mwenye kipokezi cha ACE2 cha mtu, aliyetengenezwa mwaka 2007 kwa ajili ya SARS, akahitajika kwa kishindo mwaka 2020. Mwingine ni yule ambaye jeni zake za kingamwili ni za mtu (swali la 14). Ndiyo maana nasema: kipande gani?

7. Hiyo damu ya vitovu mnaitoa wapi? Huu si umumiani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na anayeuliza ana haki ya kuuliza. Wengi wetu tumekua tukitishwa na hadithi za mumiani, na mtafiti anayecheka hofu hiyo hafai kuingia wodini.

Damu ya kitovu ni ile inayobaki ndani ya kitovu na kondo la nyuma baada ya mtoto kuzaliwa na kitovu kubanwa na kukatwa. Kwa kawaida hutupwa. Mtoto hachomwi sindano. Wala kitovu hakitakiwi kubanwa mapema ili damu ibaki nyingi: Shirika la Afya Duniani linataka kisubiriwe angalau dakika moja, na utafiti haubadilishi hilo. Mama huombwa ridhaa kliniki, akiwa ametulia, kamwe si wakati uchungu umekolea. Akisema hapana, huduma yake haibadiliki hata chembe. Damu hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende, kwa hiyo mama aambiwe mapema kwamba vipimo hivyo vitafanyika na majibu atayapataje.

Kuhusu kondo: familia nyingi huku hulichukua kwenda kulizika nyumbani. Damu inaweza kuvutwa kwa sindano kwenye mshipa wa kitovu, kondo likarudi zima mikononi mwa bibi yake mtoto. Muuguzi anayejua hilo huokoa ugomvi mwingi.

Mavuno ni kidogo. Panya mmoja hupewa mara nyingi seli shina kama 100,000, na kitovu kimoja huweza kutosheleza panya wachache tu.

8. Inachukua muda gani?

Muda mrefu kuliko mfadhili anavyotaka. Panya wachanga au wenye wiki chache humulikwa mnururisho wa kiasi kisichoua ili uboho upate nafasi, kisha hudungwa seli shina siku hiyohiyo au kesho yake. Seli B za mtu hutangulia kuonekana. Seli T huchelewa hadi karibu wiki ya 12. Ukijumlisha kusubiri kitovu chenye seli za kutosha, kupima, na jaribio lenyewe, nusu mwaka imekwisha. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miezi 9 ya kukaa maabara asianzie hapa.

9. Utajuaje kama seli zimeshika?

Unachukua tone la damu kwenye mkia au shavu, unalipaka kingamwili zenye rangi, unalipitisha kwenye mashine ya flo saitometa. Alama ya CD45 ipo kwenye seli zote nyeupe, na kuna kingamwili inayotambua ya mtu na nyingine inayotambua ya panya. Hesabu ni rahisi: CD45 za mtu, gawanya kwa jumla ya CD45 za mtu na za panya. Ukihesabu seli 3,000 za mtu na 7,000 za panya, una asilimia 30. Maabara nyingi hutaka angalau asilimia 25 ndipo panya aingie kwenye jaribio.

Usiishie kwenye namba hiyo. Panya mwenye asilimia 60, karibu zote zikiwa seli B, hakufai kwa utafiti wa UKIMWI unaohitaji seli T.

10. Nahitaji panya wangapi?

Uliza kwanza unahitaji watu wangapi. Panya 20 waliotokana na kitovu kimoja ni mtu mmoja aliyenakiliwa mara 20. Ukiona tofauti kati ya waliopata dawa na wasiopata, umejifunza kuhusu mtoto mmoja wa mama mmoja. Afadhali vitovu vitano vyenye panya wanne kila kimoja, nusu dawa na nusu bila dawa ndani ya kila kitovu, halafu takwimu zitambue kitovu kuwa kundi. Kosa hili nimelikuta kwenye rasimu nyingi, na mimi mwenyewe nililifanya mara ya kwanza. Aliyenirekebisha alikuwa mtakwimu, si mtu wa kinga.

## Magonjwa ya huku kwetu

11. Anasaidia kwenye UKIMWI?

Sana, na pengine hapo ndipo alipolipa gharama zake zote. Kwa kuwa seli T ndani yake ni za mtu, virusi huingia, huzaliana, huziua, na hujificha kama vinavyojificha kwa mgonjwa. Mwaka 2008 panya wa BLT walionyesha kwamba dawa za kufubaza virusi zikitolewa kabla ya kukutana na virusi ukeni huzuia maambukizi. Dawa hizohizo leo ni PrEP inayotolewa kliniki. Kilichofuata baada ya hapo kiko swali la 16.

12. Malaria je?

Hapa swali la "kipande gani" halikwepeki, maana kimelea kina nyumba mbili. Kwa hatua ya ini unahitaji panya mwenye seli za ini za mtu. Panya wa FRG ameondolewa jeni ya Fah, na anaishi kwa kupewa dawa ya nitisinoni. Ukimnyima dawa, ini lake hufa polepole na seli za ini za mtu ulizodunga huchukua nafasi. Kwa hatua ya damu unahitaji chembe nyekundu za mtu, na hizo hudungwa mara kwa mara kwa sababu makrofaji za panya huzifagia haraka. Panya wa kinga tupu, mwenye seli T na B za mtu, hatakuambia lolote kuhusu *falciparum* inavyoingia ini.

13. Na kichocho? Ndicho ugonjwa wetu hasa.

Kweli, na jibu lake huwashangaza wengi: kwa kichocho cha matumbo humhitaji panya huyu. *Schistosoma mansoni*, anayeishi kwenye konokono wa *Biomphalaria* kandokando ya ziwa, hupenya ngozi ya panya wa kawaida kama anavyopenya mguu wa mvuvi anayesukuma mtumbwi. Baada ya wiki sita au saba minyoo imekomaa na mayai yamejaa ini. (Kichocho cha mkojo, kile cha malambo ya bara huko Kwimba na Misungwi, hakistawi vizuri kwa panya, na maabara hutumia hamsta.)

Lakini kuna jambo zito zaidi. Mtu anaweza kufikiri: nitamchukua panya asiye na kinga, nimpe kinga ya mtu, nimwambukize kichocho, nipate picha ya Mwanza ndani ya kizimba. Huo ni mtego. Mnyoo wa kichocho unahitaji kinga ya mwenyeji ili ukue. Utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba ndani ya panya asiye na limfosaiti minyoo hudumaa, na seli T zenye alama ya CD4 kwenye ini ndizo zinazosaidia ukuaji wake. Hata mayai kutoka nje ni kazi ya kinga: yai hupenya ukuta wa utumbo likisukumwa na uvimbe ambao seli zetu wenyewe hutengeneza kulizunguka.

Jambo hilohilo lilionekana kwa watu, ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Kisumu, kwenye tafiti zilizochapishwa 1997 kuhusu vijana wanaoosha magari ufukweni, wenye VVU na CD4 chache walitoa mayai machache kwenye choo kuliko inavyotarajiwa kwa minyoo waliyokuwa nayo. Maana yake kwa mhudumu wa afya wa Ukerewe ni kwamba mgonjwa mwenye CD4 za chini anaweza kuwa na minyoo mingi na kipimo cha choo kikaonyesha mayai machache. Na maana yake kwa mtu wa panya: minyoo ikidumaa ndani ya panya wako aliyepandikizwa, usiandike kwamba dawa imefanya kazi kabla hujamlinganisha na panya mwenye kinga yake mwenyewe. Inawezekana kinga uliyompandikiza haikutosha kuulea mnyoo.

14. Kuna dawa yoyote iliyotoka kwa panya hawa ikamfikia mtu?

Zipo, hasa kutoka kwa panya wa jeni za kingamwili. Panya huyo ukimchanja hutoa kingamwili ambazo mwili wa mtu hauzikatai. Panitumumabu ya saratani ya utumbo mpana, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ilitoka huko. Iliyo karibu nasi zaidi ni Inmazeb, mchanganyiko wa kingamwili tatu dhidi ya Ebola ya aina ya Zaire. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mashariki mwa Kongo mwaka 2018 na 2019, na ikaidhinishwa Marekani Oktoba 2020. Haitibu Marburg iliyotutembelea Kagera mwaka 2023 na 2025. Ni virusi vya familia moja, lakini kingamwili huchagua.

## Mipaka yake

15. Ni kweli seli za mtu zinaweza kumuua panya mwenyewe?

Ndiyo. Waliodungwa seli za damu zilizokomaa huanza kukonda kati ya wiki ya nne na ya nane: manyoya husimama, mgongo hupinda, ngozi hukauka. Ni ugonjwa uleule unaowapata wagonjwa waliopandikizwa uboho wa mtu asiyelingana nao. Panya hupimwa uzito mara kadhaa kwa wiki, na akipungua kufikia kiwango kilichoandikwa kwenye kibali, kwa kawaida asilimia 20, hupumzishwa bila maumivu. Hakuna "tumsubiri hadi Jumatatu".

16. Chanjo au dawa ikifanya kazi kwake, itafanya kwa mtu?

Si lazima, kwa sababu za aina mbili.

Ya kwanza ni ya kibaiolojia. Kwenye njia ya seli shina, seli T za mtu zimefundwa ndani ya thaimasi ya panya, kwa hiyo haziongei vizuri na seli B za mtu. Tezi za limfu ni duni. Matokeo yake kingamwili baada ya chanjo huwa dhaifu, nyingi zikiishia IgM, kingamwili za mwanzo tu. Seli za kinga ya awali, kama makrofaji na NK, ni chache kwa sababu saitokaini nyingi za panya hazieleweki kwa seli za mtu. Mwaka 2014 alitangazwa MISTRG, panya mwenye jeni za saitokaini za mtu, na makrofaji zikastawi kweli. Zikastawi kiasi cha kumla mwenyeji chembe nyekundu na kumwachia upungufu wa damu. Ukiziba huku, kunavuja kule.

Ya pili haina uhusiano na seli. Rudi kwenye PrEP ya swali la 11. Panya walikingwa. Kisha ukaja utafiti wa FEM-PrEP, na kituo chake kimoja kilikuwa Bondo, Kenya, ufukweni mwa ziwa hilihili. Mwaka 2011 ulisimamishwa: wanawake waliopewa vidonge hawakukingwa kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Damu zao zilionyesha kwa nini, wengi hawakuwa wakimeza. Wakati huohuo utafiti wa wenzi nchini Kenya na Uganda, ambao walimeza kweli, ulionyesha maambukizi yakipungua kwa asilimia 75. Panya hudungwa na mtafiti kila siku. Hana mume wa kumficha kopo la dawa, hana jirani wa kumnong'ona, hasafiri kisiwani wiki tatu kuanika dagaa.

17. Anafanana na mtu wa Mwanza kwa kiasi gani?

Kidogo. Anakula chakula kilichochemshwa, hajawahi kuwa na mnyoo, malaria wala mafua. Mtoto wa Igombe akifika miaka mitano kinga yake imeshaona mengi ambayo panya huyu asingeyahimili siku moja. Chanjo nyingi hutoa majibu tofauti kwa watu wanaoishi na minyoo na malaria, na panya msafi hawezi kukutabiria hilo.

## Ya hapa nyumbani

18. Inawezekana kuwafuga Mwanza?

Inawezekana, lakini gharama haiko kwenye panya, iko kwenye hewa. Chumba kinatakiwa kiwe na nyuzi 20 hadi 26, mwanga saa 12 na giza saa 12, hewa iliyochujwa ikiingia kila kizimba. Umeme ukikatika, feni za vizimba zinasimama, na jenereta inayochelewa dakika tano si sawa na inayochelewa saa mbili. Chakula, maji na matandiko vyote vipite kwenye autokleivu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) au vifike vimeshamulikwa. Nilipokuwa najifunza kazi hii, kundi zima lilitupotea kwa sababu ya chupa za maji ambazo kila mtu alidhani mwenzake ameshazichemsha. Ongeza wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kwa wingu na kuziba vichujio vya hewa asubuhi moja tu.

Mnururisho nao ni kikwazo, na mashine ya kutibu wagonjwa wa saratani si mahali pa kupeleka panya. Mbadala upo: dawa ya busulfani, au ukoo wa NBSGW ambao kwa hitilafu ya jeni ya Kit hupokea seli shina bila kumulikwa.

Kwa sasa sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika Marekani, Ulaya, China na Japani. Nguvu yetu iko kwenye maswali na kwenye wagonjwa.

19. Vibali gani vinahitajika?

Kwa ufupi: damu ya watu inahitaji idhini ya kamati ya maadili ya taasisi na ya Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Wanyama wako chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mnururisho unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Mtafiti wa kutoka nje hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Panya wa jeni zilizobadilishwa huleta pia kanuni za usalama wa viumbe. Anza barua mwaka mmoja kabla.

20. Akitoroka je?

Mwenyewe hatafika mbali, maana hana kinga na vijidudu vya mtaroni vitammaliza. Hofu ni kama alikuwa ameambukizwa VVU au TB. Ndiyo maana jaribio la aina hiyo hufanyika ndani ya milango miwili, na panya huhesabiwa jioni kama muuza duka anavyofunga mahesabu.

21. Hakuna njia ya kuwaacha hawa wanyama kabisa?

Inatafutwa. Kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kupoza maumivu ilitolewa na Russell na Burch mwaka 1959. Desemba 2022 sheria ya Marekani iliondoa sharti la lazima la kupima dawa kwa wanyama kabla ya watu, na vijiogani, yaani viungo vidogo vinavyooteshwa maabara, vinachukua baadhi ya kazi. Kwa jambo linalohitaji damu inayozunguka, uboho na ini kwa pamoja, bado hakijapatikana cha kumpumzisha panya.

22. Mimi ni mwanafunzi wa Bugando. Nianzie wapi?

Jifunze kutenga seli nyeupe kwenye damu na kusoma flo saitometa hadi uote ndotoni. Kisha takwimu (swali la 10). Mtu mwenye hayo mawili anapokelewa kwenye maabara yoyote ya panya.

23. Tunaweza kuja kuwaona?

Kwenye maabara yoyote ya aina hii utavua viatu, utavaa kofia, barakoa na glavu mbili, na utaulizwa kama nyumbani una panya au unafuga njiwa. Ukijibu ndiyo, unaonyeshwa kupitia dirishani.